MTOTO MWENYE ULEMAVU NI AMANA: TUSIMFICHE, TUMTIBU, TUMBEBE

Khutba ya Ijumaa, Kampemba, Lubumbashi

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe ovyo. Ukimaliza kuisoma, mpe mwenzako au ipeleke nyumbani wasome mama na watoto.)

KHUTBA YA KWANZA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa hekima Yake, akampa huyu nguvu ya miguu na yule nguvu ya ulimi, na wote akawaandikia siku moja ya kurudi Kwake. Tunamshukuru kwa neema tunazoziona na zile tusizoziona. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na tunashuhudia kwamba Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, Maswahaba zake na kila anayefuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo: enyi waja wa Mwenyezi Mungu, najiusia nafsi yangu na ninawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hiyo ndiyo akiba isiyoliwa na nondo.

Ndugu Waislamu, mama zetu mlioko nyuma ya pazia,

Jambo la leo halitoki mbali. Liko ndani ya lupango zetu, hapa hapa Bongonga, Kigoma, Hewa Bora, Bel-Air na katiye nyingine za komini yetu. Kuna watoto ambao jirani hajui hata jina lao. Anajua tu kwamba "mule ndani kuna mtoto". Mgeni akibisha hodi, mtoto anaingizwa chumba cha nyuma. Siku ya Idi wenzake wanavaa nguo mpya, yeye anabaki juu ya mkeka. Anafika miaka saba hajaingia msikitini hata mara moja, wala hakuna aliyekaa naye kumfundisha Fatiha. Sababu ni moja: nyayo zake zimepinda, au mwili wake umekakamaa, au hawezi kukaa bila kushikwa.

Watoto hawa ni wa umma wa Muhammad, rehema na amani zimshukie. Siku ya Kiyama watasimama mbele ya Mola wao wakiwa wazima, na sisi tutaulizwa juu yao. Basi tuulizane leo, kabla ya kuulizwa kesho.

1. SI LAANA, WALA SI ULOZI

Mtoto akizaliwa na kasoro, swali la kwanza katika familia nyingi huwa: nani amemroga? Baada ya hapo vidole vinaelekezwa. Mara ni bibi mzaa baba, mara ni jirani, mara ni mama mwenyewe: alikula kitu fulani, alipita mahali fulani, ukoo wake una mambo. Na mara nyingine, Mungu atuepushe, kidole kinaelekezwa kwa mtoto mwenyewe: huyu ni ndoki.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura Al-An'am kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa dhambi ya mwingine. Mtoto mchanga ana dhambi gani? Kalamu haijaanza kumwandikia. Na katika Sura Ash-Shura ametuambia kwamba ufalme wa mbingu na ardhi ni Wake, anaumba apendavyo, na Yeye ndiye anayegawa watoto. Anayesema mtoto huyu ametoka kwa mlozi, anampa mlozi kazi ya Muumba.

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu mtu anayemshitaki mtoto kuwa ni mlozi, na adhabu yake ni pamoja na kifungo. Muislamu hangoji polisi ndipo aache dhuluma, lakini ajue kwamba hata mahakamani hana pa kujitetea.

Na kwa wale wanaokimbilia kumlaumu mama peke yake, sikilizeni habari hii ya mji wetu wenyewe. Mwaka 2020 jarida la kitaalamu The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Lubumbashi na wataalamu wa Chuo Kikuu chetu pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Wakakuta kwamba kuzaliwa na kasoro kulihusiana na kazi ya baba: pale ambapo baba anafanya kazi ya migodi, uwezekano ulikuwa mkubwa zaidi, kwa hesabu zao kama mara tano. Hii haina maana kwamba kila mchimbaji atapata mtoto mwenye ulemavu, wala kwamba kila ulemavu umetoka mgodini. Sababu ni nyingi, na nyingine hazijulikani bado. Lakini mwanamume anayemfukuza mke wake kwa ajili ya mtoto, huku yeye mwenyewe anarudi kila jioni na vumbi la madini nguoni, amehukumu bila elimu. Afadhali aoge na abadili nguo kabla ya kumkumbatia mkewe na watoto. Na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za nyumbani.

2. KUTAFUTA TIBA NI SUNNA

Wapo wanaosema: "Mungu amepanga hivi, tufanye nini?" Neno hili nusu yake ni imani na nusu yake ni uvivu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliulizwa na mabedui kama watafute dawa, naye akawaamuru wajitibu, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Yametajwa na Abu Daud na Tirmidhi. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, aliambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee.

Kuna habari nyingine isiyosomwa sana, nayo inatuhusu hasa. Swahaba aitwaye Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaoza na kunuka. Mtume akamwamuru ajitengenezee pua ya dhahabu. Tazameni, ndugu zangu: dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuivaa, lakini palipo na haja ya kiungo, Mtume mwenyewe alimfungulia mlango. Basi atakayesema kwamba kiatu cha chuma, mguu wa bandia, au kiti cha magurudumu ni kupingana na kadari ya Mungu, amejifanya mjuzi kuliko Mtume.

3. WAKATI NI DAWA

Tuchukue mfano mmoja, ule wa watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kuingia ndani, wayo mmoja au yote miwili. Ni kasoro inayompata takriban mtoto mmoja katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa. Zamani wengi walikua nayo hivyo hivyo, wakakanyagia ubavu wa mguu mpaka ngozi ikaota sugu, na mwisho wengi wakawa waombaji barabarani.

Leo kuna njia ya kuirekebisha bila upasuaji mkubwa. Ilianzishwa na dokta Ignacio Ponseti katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mtoto akiletwa mapema, hata wiki ya kwanza au ya pili ya maisha yake, mtaalamu anaunyoosha wayo polepole kwa mikono na kuufunga plasta. Baada ya wiki moja plasta inatolewa, wayo unanyooshwa tena kidogo, plasta nyingine inafungwa. Kwa kawaida plasta tano mpaka saba zinatosha. Watoto wengi wanahitaji pia kukatwa kidogo mshipa wa kisigino, kazi ndogo sana, kisha plasta ya mwisho kwa wiki kama tatu.

Watu wengi wanadhani kazi imeisha hapo. Kazi ya hospitali imekaribia kuisha. Kazi ya familia ndiyo inaanza. Mtoto anavalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Miezi mitatu ya kwanza anavaa saa 23 kwa siku. Baada ya hapo anavaa usiku na wakati wa kulala mchana, mpaka afikishe miaka minne au mitano. Mtoto analia siku za kwanza. Bibi anasema, "Mnamtesa mjukuu wangu, si miguu imeshanyooka?" Viatu vinavuliwa, vinawekwa juu ya kabati. Baada ya miezi michache nyayo zimeanza kurudi zilikotoka. Wataalamu wanasema hii ndiyo sababu kubwa ya mguu kurudi kupinda: viatu kutovaliwa.

Kwa hiyo mama akimvalisha mtoto viatu hivyo usiku, huku usingizi umemzidi, ahesabu kwamba yuko katika ibada. Na baba asiwe mtu wa kuuliza asubuhi tu; naye ashike zamu.

Wala tusiseme vifaa hivi ni vya Wazungu, hatuviwezi. Jirani zetu wa Uganda walivitengeneza wenyewe: katika nyumba ya Katalemwa, Kampala, miaka ya 1990 mwishoni, fundi Michiel Steenbeek alibuni kiatu cha namna hii kwa ngozi na chuma cha kawaida, vitu vinavyopatikana sokoni, na mpaka leo kiatu hicho kinaitwa kwa jina lake. Kampemba ina washona viatu na wachomelea vyuma wangapi? Wengine wamekaa safu hizi hizi. Mafundi wetu wakielekezwa na mtaalamu wa hospitali, mikono yao inaweza kuwa sadaka inayotembea.

4. TIBA ISIYOKWISHA: MAZOEZI YA KILA SIKU

Kuna ulemavu mwingine usioondoka kwa plasta. Mtoto amechelewa kulia alipozaliwa, au amezaliwa kabla ya wakati, au amepata manjano kali ya siku za kwanza, au malaria imempanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Ubongo umeumia. Mwili unakakamaa au unalegea, shingo haisimami, miguu inapishana kama mkasi. Kwa Kiswahili cha wataalamu ni mtindio wa ubongo.

Tuseme kweli, kwa sababu wazazi wa watoto hawa wamedanganywa vya kutosha: jeraha la ubongo lenyewe haliponi. Anayekuahidi kwamba kwa franka kadhaa na chupa tatu za mafuta mtoto atasimama, anakuuzia matumaini ya uongo. Lakini kutopona hakuna maana ya kutofaidika. Mtoto anayefanyiwa mazoezi anaweza kujifunza kukaa, kushika kijiko, kuonyesha anachotaka, na wengine kutembea. Asiyefanyiwa, viungo vyake vinajikunja na kukaza, vidonda vinamtoka, na kile kidogo alichokuwa nacho kinapotea.

Huduma hiyo hospitalini kwetu inaitwa kine. Ulizeni katika hospitali kubwa za mji, Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu, na kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi, mwelekezwe. Mtaalamu atamwona mtoto mara moja kwa wiki, au mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote mtaalamu ni ninyi. Kwa hiyo mama asikae pembeni anangoja amalizwe. Atazame mikono ya mtaalamu, aulize, naye ajaribu mbele yake mpaka aambiwe ndivyo. Na baba aende angalau mara moja, ajifunze pia.

Mambo haya machache yanajulikana na kila mtaalamu, na hayana gharama:

Kwanza, msimlaze mtoto chali kutwa nzima. Mbadilisheni, akae, alale ubavu, alale kifudifudi kwa muda mkiwa karibu naye.

Pili, mlisheni akiwa amekaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo. Kumlisha amelala, au kichwa kimetupwa nyuma, kunapeleka uji kwenye mapafu, naye anaugua kifua kila mara.

Tatu, mtoto ambaye miguu yake inapishana, mbebeni kiunoni au mgongoni kwa kitambaa, miguu imetanuka. Bibi zetu walibeba hivi tangu zamani.

Nne, msivute kiungo kilichokakamaa kwa nguvu. Kinyoosheni polepole, ngojeni kilegee chenyewe. Anayekandamiza mpaka mtoto apige kelele anaumiza, hata akijiita fundi wa mifupa.

Tano, msemesheni. Kutoweza kusema si kutoelewa. Watoto wengi wa namna hii wanasikia kila neno, pamoja na yale maneno mabaya yanayosemwa mbele yao.

Na juu ya kisomo: kumsomea mtoto Qur'ani na kumwombea dua ni jambo jema, nasi tunalihimiza. Lakini anayempiga mtoto, anayemfunga, anayemnyima chakula au anayemfukiza moshi machoni kwa kudai anatoa jini, huyo hafanyi sunna. Mtoto aliyepigwa kwa jina la kisomo atakuwa na madai mbele ya Mwenyezi Mungu. Kisomo hakifungi mlango wa hospitali. Fanyeni vyote viwili.

5. BABA YUKO WAPI?

Enyi wanaume, neno hili ni letu.

Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Baqara, aya ya 233, alipozungumza juu ya mama anayenyonyesha, aliweka juu ya baba wajibu wa kumlisha na kumvisha kwa wema. Akaeleza kwamba mama asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake, wala baba asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake, na kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa kiasi cha uwezo wake. Mafakihi wameisoma aya hii kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu. Je, kuna madhara makubwa kwa mama kuliko kuachwa peke yake na mtoto asiyeweza kukaa, kwa kosa la kumzaa?

Matunzo ya mtoto hayaishi kwa talaka. Mwanamume akioa mwingine, akihamia Kolwezi au Likasi kutafuta maisha, bado anadaiwa. Na kwa mtoto ambaye hataweza kujitafutia, wanazuoni wameeleza kwamba deni hilo halikomi hata akibalehe, maadamu hana mali wala uwezo wa kuchuma.

Tena Mtume wetu alitukataza kubagua watoto wetu katika kutoa. Alikataa kushuhudia zawadi aliyopewa mtoto mmoja na wenzake wakanyimwa, kama ilivyo katika hadithi ya Nu'man bin Bashir. Basi yule anayewalipia wazima shule na kumwambia mwenye ulemavu "wewe utasoma nini?", aitazame hadithi hiyo. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019. Sheria ya nchi ya tarehe 3 Mei 2022 imethibitisha haki za watu wanaoishi na ulemavu, na elimu ni miongoni mwake. Mkurugenzi wa shule akimkataa mtoto kwa sababu ya miguu yake, baba asirudi nyumbani kimya. Arudi tena pamoja na wazee wa msikiti.

Na tusione haya kubeba. Mtume wa Mwenyezi Mungu alimbeba mjukuu wake Umama akiwa ndani ya swala, mbele ya watu: akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba. Bukhari na Muslim wameipokea. Yeye, aliye bora wa viumbe, alisimama mbele ya Mola wake na mtoto begani. Sisi tunaona haya kuvuka barabara ya katiye na mtoto mgongoni?

Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa wema Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumesema na familia. Sasa tuseme na msikiti.

Mnajua Sura Abasa iliteremka kwa ajili ya nani. Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alikuja kutafuta elimu wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Makureshi. Mtume akakunja uso, naye kipofu hakuuona. Lakini Mwenyezi Mungu aliuona, akateremsha Qur'ani inayosomwa mpaka Kiyama. Baadaye mtu huyo akawa mwadhini, na zaidi ya mara moja Mtume alipotoka Madina alimwachia yeye mahali pake. Kama kukunja uso peke yake kuliteremshiwa sura, itakuwaje kwa msikiti wenye ngazi zinazomzuia mtoto asiingie kabisa?

Na siku moja Maswahaba walicheka walipoona miundi myembamba ya Abdullah bin Mas'ud alipopanda mti. Mtume akawaambia kwamba miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Wafundisheni vijana wa madrasa habari hii. Anayemwiga mwenzake anavyochechemea, amecheka kitu asichokijua uzito wake.

Na kwa mzazi anayeuliza, "Mtoto huyu atakuwa nani?", tunamtajia Ata bin Abi Rabah. Alikuwa mtu mweusi, mwenye chongo, kiwete, mkono wake umepooza, na mwisho wa umri wake akapofuka. Wanahistoria wamempa sifa hizi zote. Alikuwa nani? Alikuwa mufti wa Makka. Katika zama za Banu Umayya, msimu wa Hija, ilitangazwa kwamba asitoe fatwa mtu mwingine isipokuwa yeye. Alifariki karibu na mwaka 732. Kama mama yake angemficha chumba cha nyuma, umma mzima ungepoteza.

Basi, ndugu zangu, tunapendekeza mambo matano, nayo yaanze wiki hii:

(a) Kila mtu aangalie lupango yake na ya jirani yake. Palipo na mtoto wa namna hii, imamu aambiwe kwa siri na kwa heshima. Mama zetu waende kumtembelea mama mwenzao, wasiende kutazama mtoto kama maonyesho. Waende na ndoo ya maji, na mkono wa kufua, na masaa mawili ya kumshikia mtoto ili mwenzao alale au aende sokoni.

(b) Sehemu ya sadaka ya kila Ijumaa itengwe kwa usafiri wa hospitali. Mara nyingi kinachomkatisha mama kwenda kine ni nauli. Dawa anayo mkononi mwa mtaalamu lakini hana franka ya kumfikisha. Na aliye maskini katika wazazi hawa ana haki katika zaka. Mwenye pikipiki au gari anaweza kutoa safari moja kwa mwezi: Mtume ametufundisha kwamba kumsaidia mtu kupanda mnyama wake ni sadaka.

(c) Ngazi za mlango wa msikiti na wa madrasa ziwekwe mteremko upande mmoja. Ni mifuko michache ya saruji na siku moja ya mafundi waliomo humu humu. Kiti cha magurudumu kikifika mlangoni, kifutwe magurudumu kama tunavyofuta viatu, kisha kiingie. Asiambiwe mtu abaki nje.

(d) Walimu wa madrasa wawapokee watoto hawa na kuwafundisha swala kwa namna wanavyoweza. Imran bin Huswain aliambiwa na Mtume aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Mwenye plasta mguuni anaosha palipo wazi na kupangusa kwa maji juu ya plasta. Katika madhhabu yetu ya Shafi anaongeza tayamamu. Dini ina njia kwa kila mwili. Na Mwenyezi Mungu katika Sura An-Nur na Sura Al-Fat-h amemwondolea lawama kiwete, kipofu na mgonjwa, sisi tusimrudishie.

(e) Tukinge kinachokingika. Mama mjamzito aende kliniki mapema na anywe vidonge anavyopewa. Azalie mahali penye mkunga. Mtoto apewe chanjo zake zote, na timu ya polio ikibisha hodi isifukuzwe: Afrika ilitangazwa huru na polio ya asili mwaka 2020, lakini aina ya virusi inayotokana na chanjo, inayoenea pale watoto wengi wasipochanjwa, imepoozesha watoto nchini kwetu, Haut-Lomami na Tanganyika zikiwemo, baada ya hapo. Na usidai sindano ya matakoni pale daktari anaposema vidonge vinatosha. Sindano iliyochomwa vibaya imewalemaza watoto waliokuwa wakitembea.

Enyi Waislamu, Mtume alimweleza Sa'd kwamba tunanusuriwa na kuruzukiwa kwa ajili ya wanyonge wetu. Tulidhani sisi ndio tunaowalisha. Huenda mkate ulioingia nyumbani kwako leo umeingia kwa ajili ya yule aliyelala mkekani, ambaye unamwona mzigo. Kesho atakapokushika mkono mbele ya Mola wako, mwombe Mungu awe ni mwombezi wako, asiwe ni mdai wako.

Ewe Mwenyezi Mungu, warehemu watoto wetu wenye ulemavu, uwanyooshee viungo vyao na njia zao. Wape mama zao nguvu za mgongo na subira ya moyo, na usiku wao uwape usingizi. Warudishe baba waliokimbia kwa uzuri, na wale waliobaki uwaongezee. Wabariki mikono ya wanaotibu na ya mafundi wanaounda vifaa. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, uipe amani nchi yetu, mashariki yake na magharibi yake, na mji wetu wa Lubumbashi.

Amin. Simameni kwa swala, Mwenyezi Mungu awarehemu.